Siku Maiti ya Kaizari Ilipofukuza Nzi

Binti yangu aliingia sebuleni jana usiku, kitabu mkononi, kidole kimeshika ukurasa, akaniuliza bila hata kuketi: "Baba, huyu mshairi alikosa nini?"

Sikuwa na haja ya kuuliza mshairi gani. Katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, washairi ni wawili. Mmoja anajipenyeza hemani kwa Brutus na Cassius, wauaji wa Kaizari, kuwapatanisha, anatimuliwa, basi, habari yake imekwisha. Mwingine ni Cinna, anayekutana na umati uliotoka kumsikiliza Antony, rafiki wa Kaizari, akihutubia mazishini. Kwa kuwa jina lake ni moja na la Cinna aliyeshiriki kumuua Kaizari, wanamkamata. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi, yule mwingine hamjui. Mmoja wao anajibu: basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

"Hakukosa kitu," nikamwambia.

"Mbona inachekesha, sasa?"

Nikamwambia usiku umekwenda, akalale. Yeye alilala. Mimi sikulala, maana Cinna huyo nilikuwa mimi.

Mliokuwa pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini mnaujua muhula ninaousema, ule wa karkade, kile kinywaji chekundu cha maua ya rosela. Kiswahili kilikuwa somo la wachache, la alasiri, katika darasa la mwisho lililopakana na jiko, moshi na nzi wakiingia bila hodi. Ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani ulivikwa kibao shingoni, ukakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Kiswahili kiliwatatiza viranja: si Kiingereza, na nyumbani kwa nani? Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na huko kusini hilo peke yake liliwatosha watu wengi kukichukia. Sisi wa West Nile tulikuwa tukikitumia kununulia sabuni na kubishana na madereva wa Congo. Hatukuwa na muda wa kukichukia.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu, tafsiri ya Nyerere, toleo la 1969. Alikuwa amekifunika kwa karatasi ya kalenda, picha ya Mchungaji Mwema na kondoo wake ikiwa nje. Tulidhani anakitunza. Baadaye sana ndipo nilipoanza kujiuliza. Arua ni nyumbani kwa watu wa Amin, na jeshi lililomng'oa Amin mwaka 1979 likasonga mpaka huku kwetu lilikuwa la Nyerere. Huenda mtu anayepita sokoni na jina hilo kwapani alikuwa na sababu zake za kulifunika. Au labda alikuwa na kalenda iliyopitwa na wakati. Sikumuuliza.

"Kaigizeni tendo la tatu," alisema. "Mlifanye la hapa, mtu wa hapa aelewe." Kichekesho hakukitaja. Hicho tulikiongeza wenyewe, kwa sababu tulikuwa kidato cha tatu na hatukujua namna nyingine ya kusimama mbele ya watu.

Basi Roma tukaihamishia barabarani, kwa wale vijana waliojiita OPEC Boys, waliouza kwa jerikani petroli ya magendo iliyovushwa kutoka Congo. Kaizari wetu akawa mwenyekiti wa steji anayetaka kuwa mwenyekiti wa steji zote. Taji tulilompa ni faneli ya kumiminia mafuta, imepinduliwa kichwani, mdomo juu. Shakespeare anasema Antony alimpa taji mara tatu naye akalikataa mara tatu, kila mara akilisukuma kwa upole zaidi. Wetu, mara ya tatu, alikataa kwa mdomo huku mkono mmoja ukiishikilia faneli isianguke. Mpiga ramli alipomwonya ajihadhari na tarehe 15 Machi, ambayo kwetu ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya karo kabla ya kufukuzwa, Kaizari alipiga kelele: "Lakini nimeshalipa nusu!" Na kwa vile kwenye tamthilia anaangukia chini ya sanamu ya Pompey, adui yake wa zamani, tulimwangusha chini ya pampu ya kituo cha mafuta kilichosajiliwa. Pampu ilikuwa kabati la vitabu lililochorwa kwa chaki. Ile pampu bado naiona kuwa fikra bora kuliko zote tulizopata shuleni, na si yangu.

Sehemu ya kwanza ilipita mbiombio. Brutus alieleza kwamba alimpenda Kaizari ila aliipenda steji zaidi, akapigiwa makofi, akasahau mistari iliyobaki, akatoka.

Damu ndiyo iliyokuwa tatizo. Mama yake Antony alikuwa Mnubi, akichemsha karkade ya kuuza, nyekundu hasa, na alipoombwa akatoa chupa kubwa kwa ukarimu wa kawaida wa nyumba ile, maana yake ilikuwa imeshatiwa sukari. Sukari nyingi. Wale wauaji wakammiminia Kaizari yote: kifuani, shingoni, nyingine ikaingia sikioni. Akalazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, akafunikwa blanketi la bweni, uso wazi.

Antony akasimama kichwani kwake. Alikuwa amekesha na hotuba ile kwa mshumaa usiku baada ya usiku na alikusudia kututoa machozi. Akaanza taratibu, kwamba amekuja kumzika Kaizari, hakuja kumsifu. Nzi wa kwanza akatua kwenye kidevu.

Nilikuwa nimebanana mlangoni na umati wangu, tukingoja zamu yetu, kwa hiyo niliona kila kitu kwa ubavuni. Nzi alipanda kutoka kidevuni mpaka pembeni mwa mdomo, akasimama, akasugua miguu ya mbele. Kaizari akapuliza. Alipuliza kwa ufundi, kupitia pembe moja ya mdomo, midomo haikutikisika. Nzi akaruka, akarudi na wenzake. Mmoja akaingia kwenye karkade ya shingoni akanasa. Mmoja akatembea juu ya kope. Antony wakati huo alikuwa amefika kwenye matundu ya vazi. Shakespeare amempa Kaizari majeraha 33, na blanketi letu, kwa kuchomwa na pasi ya mkaa muhula hadi muhula, lilikuwa nayo ya kutosha. "Tazameni, hapa kilipita kisu cha Cassius," akaonyesha tundu lenye kingo nyeusi. "Na hapa Brutus, aliyempenda, alichoma." Sauti yake ilikuwa inatetemeka vizuri. Darasa lilikuwa kimya kweli. Nadhani wawili watatu walikuwa wamekaribia kulia.

Hapo nzi wa kope akaingia puani.

Mkono wa marehemu ukatoka chini ya blanketi, ukajipiga kofi la uso lililosikika mpaka jikoni, ukabaki pale, umetanda juu ya pua, kana kwamba ukitulia kabisa hakuna atakayeuona. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunamtazama Antony. Kazi yake yote, na mshumaa wake, ilikuwa imelala pale mbele na mkono puani. Akautazama ule mkono. Akaushika kwa kidole na gumba kwenye kifundo, akaurudisha taratibu chini ya blanketi, akalipapasa blanketi likakaa sawa. Kisha akatugeukia.

"Mmeona, ndugu zangu," akasema. "Taji alilikataa mara tatu. Sasa anakataa na kufa."

Madawati yalipigwa mpaka mpishi akachungulia dirishani na mwiko wake wa posho. Kilichofuata sikukisikia vizuri, wosia ulisomwa katikati ya makelele. Kwenye kitabu Kaizari anamwachia kila mwananchi drakma 75 na bustani zake kando ya mto Tiber. Wetu aliacha jerikani moja kwa kila mtu, imejaa, na haki ya kupumzika kando ya Enyau, mto wetu wa Arua. Umati ukaitikia kwamba wauaji wachomwe, tena kwa petroli yao wenyewe. Wakamwagika nje ya jukwaa, na mimi nikasukumwa ndani.

Sasa, kipande cha Cinna hatukukifanyia mzaha. Muda ulituishia tu. Tulikiacha karibu kama kilivyo kitabuni. Niliingia na daftari langu la kemia, la ushairi sikuwa nalo, na kiongozi wa umati, kijana mkubwa kuliko sote, akavuta benchi akalilaza njiani nisipite. Halikuwa limepangwa. Alihitaji tu mahali pa kuweka mguu.

Maswali ni manne. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa au hujaoa? Na ujibu moja kwa moja, kwa ufupi, kwa busara na kwa ukweli.

Nilijibu la jina. Kicheko kikaanza nyuma ya darasa, cha mtu mmoja. Kilikuwa cha mwalimu. Kwenye nzi hakuwa amecheka, alikuwa ameinamia karatasi yake akiandika. Nilijibu la safari, kwamba nakwenda mazishini kwa Kaizari, akacheka zaidi. Nilipofika kwenye jibu ambalo mshairi anajifanya mjanja, kwamba kwa busara anasema hajaoa, mwalimu alivua miwani, mkono mmoja ukashika ukuta. Cheko la mtu mzima, lenye mapafu ndani yake.

Ukiwa na umri ule na mwalimu anacheka hivyo, unarudia. Kiongozi wa umati akaniuliza upya, akiubonyeza mguu juu ya benchi: "Nimesema, umeoa au hujaoa?" Nami upya: "Kwa busara, mkubwa, sijaoa." Wenzetu nao sasa walikuwa wanacheka, kwa kuambukizwa, hakuna aliyejua kinachochekesha. Tukarudia tena. Safari hii mwalimu hakutoa sauti. Mabega yalikuwa yanaendelea peke yake. Akajifuta uso kwa kiganja, akavaa miwani, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake kile chenye Congo ndani:

"Mimi nilikuwa nimeoa. Nami nilisema sijaoa."

Tukangoja aendelee.

"Haya, endeleeni," akasema. "Mraruweni."

Wakaniraruwa, kwa ulegevu mno. Daftari la kemia ndilo lililoumia.

Nilikuwa najua, kama kila mtu Arua alivyojua, kwamba baada ya Amin kuanguka, na zaidi mwaka 1980, watu wetu kwa maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire, na kwamba vizuizini jina la mtu au lafudhi yake ilitosha kumfikisha asikotaka. Nyumbani kwetu yalisemwa kwa mafungu, usiku, watoto wakidhaniwa wamelala. Mwalimu aliishi Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Zaire, miaka hiyo. Hilo tulilijua kwa sababu ya namna alivyotamka maneno. Mke sikuwahi kumwona. Jibu lake lilikuwa la kumkinga mkewe, asifuatwe nyumbani? Au kulikuwa na jambo jingine? Na kile kicheko, nimekigeuza mara nyingi. Wakati fulani naona alifurahi kwamba Shakespeare, mtu wa Stratford, aliyeandika yapata mwaka 1599, aliyajua maswali ya kizuizini kwa mpangilio wake uleule. Wakati mwingine naona hakikuwa kicheko. Nikiisimulia hadithi hii kazini au kwenye harusi, huwa naikomesha kwenye nzi, watu wanafurahi, tunaletewa chakula. Binti yangu kesho atauliza tena, namfahamu, na sidhani kama atakubali niishie kwa nzi.

Alama zilibandikwa mlangoni Ijumaa. Tulipewa 71 kati ya 100, na chini yake maelezo kwa wino mwekundu: tatu zimekatwa kwa sababu ya nzi. Kaizari alipandwa na hasira, na kusema kweli alikuwa na hoja. Tulikwenda pamoja ofisini, akamweleza mwalimu kwamba ndicho kipande kilichopendwa kuliko vyote, hata mpishi alikuja.

"Kilikuwa kizuri," mwalimu akakubali. "Lakini maiti hafukuzi nzi. Nimeona."

Kaizari akasema kwenye vichekesho anafukuza. Mwalimu akasema alete kitabu kinachosema hivyo. Wakabishana mpaka kengele ya chakula, na alama hazikurudi. Siku hizi Kaizari anauza mafuta kihalali, ana pampu yake mwenyewe yenye risiti, na kila tukikutana lazima azitaje zile tatu. Huwa namwambia akazidai Philippi, kule mzimu wa Kaizari ulikoahidi kukutana na Brutus.