Hedifoni za Safari ya Mbeya

Wiki ijayo tunakwenda Mbeya kwa basi, na wifi yangu ameniomba nimtafutie hedifoni zisizozidi shilingi 50,000. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Zina besi?" Langu ni jingine kabisa: tukishapita Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni, masikio yake yatakuwa bado yanazitaka?

Kutoka Dar hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, safari ya kutwa. Utamu wa sauti unaufurahia mwanzoni tu; baadaye kinachotawala ni uzito wa kitu kilichokaa kichwani na namna kinavyokubana. Mimi navaa miwani, na juu yake mtandio. Hedifoni inayobana inakandamiza mikono ya miwani kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na hadi Iringa kichwa chote kinauma. Wauzaji wengi husifia mbano huo, eti ndio uimara wenyewe. Kwa safari ndefu mimi naukataa. Nikiwa Kariakoo huwa naomba, "Kaka, acha nizivae kidogo," halafu nabishana bei nikiwa nimezivaa. Zikianza kuniudhi kabla hatujaafikiana, nazirudisha.

Uzito nao nautazama kabla ya jina la kampuni. Nyingi zinazofunika sikio zima zina gramu 200 hadi 300. Sony WH-CH520, zile zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika, zina gramu 147, na kampuni inasema chaji moja inafika saa 50. Bei yake imempita wifi, ila nilimwonyesha ili ajue kuwa wepesi unawezekana. Kuna pia suala la mito ya masikioni. Ya ngozi bandia inazuia kelele vizuri, lakini kwa joto la Ruaha Mbuyuni utatoka jasho mpaka shingoni. Ya kitambaa inapitisha hewa, na kelele nazo zinapita. Hapo kila mtu achague adha anayoimudu.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue ni herufi za kwenye boksi. ANC maana yake hedifoni yenyewe inazima kelele unazozisikia wewe: maikrofoni ndogo zinanasa mngurumo wa nje, kisha inatengenezwa sauti iliyo kinyume chake ili zifutane. Mwaka 1978, Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston, hakuridhika na hedifoni alizopewa, akaanza kupiga hesabu za jambo hilo humo humo safarini. Hedifoni za marubani zilizotokana na kazi hiyo zilitoka mwaka 1989. ENC ni kitu kingine. Hiyo inasafisha sauti yako unapoongea na simu, ili unayempigia asisikie kelele zilizokuzunguka. Wewe uliyekaa juu ya injini haikusaidii chochote. Boksi za bei ya chini zimejaa ENC, na watu wanalipia wakidhani wamepata utulivu.

Na hata ANC halisi hukabili zaidi mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini. Kelele za filamu kwenye runinga ya basi au kilio cha mtoto kiti cha nyuma zinapunguzwa zaidi na kitu kilichoziba sikio vizuri. Kwa sh 50,000, basi, nampa wifi iafoni za waya, zile ndogo za kuingiza sikioni, zenye mipira laini ya saizi tofauti. Ataegemea dirisha alale bila bakuli la hedifoni kumsukuma shavu, na hatahangaika na chaji. Simu yake haina tundu la duara, kwa hiyo tutachukua za Type-C moja kwa moja. Tukianza kupanda Kitonga nitamwambia azichomoe kwanza na ameze mate, maana masikio yakiziba kwa ajili ya mwinuko, mpira uliobana tundu la sikio unaongeza usumbufu. Konda akitangaza kuchimba dawa pia, achomoe walau moja.

Nasisitiza kuziba sikio kwa sababu inayonigusa. Baba yangu alisimama miaka mingi mbele ya mashine ya kusaga, na leo tukiongea naye lazima tukae upande wake wa kulia. Basi likinguruma, mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti, na huo ndio mtego. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Safari moja ya Mbeya inaumaliza kabla hujaiona Makambako. Wanashauri sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya uwezo wake. Ukiwa umeziba vizuri, asilimia hiyo inatosha kabisa kusikia kila neno.

Mpwa wangu tunakwenda naye, naye ameshadai za kwake. Watoto kiwango chao ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Nitamtafutia zenye kikomo cha sauti, na kikomo cha kwenye simu nitakiweka mwenyewe kabla hatujaondoka Mbezi, kwa sababu maandishi ya boksi peke yake siyaamini kwa masikio ya mtoto.