Shamba la juu

Jumapili, usiku. Viatu vyangu viko mlangoni na tope la makaburini, na mume wangu ameshauliza mara mbili vitaoshwa lini.

Yote yalianza na kazi ya shule. Mwanangu alipewa karatasi achore mti wa ukoo. Upande wangu tuliumaliza kwa simu moja kwenda kwetu Kinangop, Kenya. Shangazi alitaja majina mpaka penseli ikaisha ncha. Upande wa baba yake, hapa kusini mwa Wicklow, Ayalandi, tulikwama kwa babu wa babu yake. Mama mkwe alipoulizwa alisema, "Sisi tumekuwa hapa siku zote," akaendelea kumenya viazi. (Majina ya familia siyaandiki. Hapendi mambo ya nyumbani kwake yaanikwe.)

Kwanza nilidhani ni suala la kwenda ofisini na kuomba sensa. Sensa zipi? Kongwe zaidi iliyobaki kamili nchi hii ni ya 1901. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua mwezi Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoingia Four Courts, jengo la mahakama pale Dublin, na hifadhi ya nyaraka ikalipuka na kuwaka moto. Zilizofuata serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, nyingine zikasagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo anayetafuta mababu Ayalandi hutafuta kwa kuzunguka: vitabu vya ubatizo vya parokia, orodha za kodi, mawe ya makaburi, na madaftari ya mabwana wenye ardhi.

Makaburini nilikwenda na Mama mkwe Jumamosi moja ya Machi. Ni kanisa lililobaki kuta mbili, limefunikwa na mimea ya kutambaa, nyasi zimekufika magotini. Alinipa masharti kabla hatujafungua geti: usikwangue jiwe, usipake chaki, brashi ya waya usiiguse kabisa. Madoa yale meupe na ya manjano yameshika kama ngozi, ukiyang'oa unang'oa na herufi. Tulilowesha jiwe kwa maji ya chupa, kisha nikapiga magoti na kumulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe. Nilipoishusha tochi kidogo tu, herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake, moja moja. Jiwe ambalo dakika moja kabla lilikuwa kijivu kitupu likasema: limesimamishwa na fulani, kwa kumbukumbu ya baba yake, aliyefariki 1839.

Huyo fulani ndiye babu tuliyekuwa tunamtafuta. Mama mkwe alifurahi, akalipigapiga jiwe begani kama mtu anavyompongeza ng'ombe.

Mimi nikatazama pembeni. Kuzunguka jiwe lile kulikuwa na vijiwe vya shambani tu, visivyochongwa, vimechomekwa ardhini kichwani na miguuni. Hayo ndiyo makaburi ya wengi. Jiwe lenye maandishi lilikuwa la mwenye uwezo, na jina linalotangulia ni la aliyelipa fundi.

Sasa hili la majina lilinifanya nicheke peke yangu. Waayalandi wa zamani walikuwa na desturi: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Sisi Wakikuyu hivyo hivyo! Kwa mabinti ndipo tunapoachana. Kwao wa kwanza ni wa nyanya mzaa mama, kwetu wa nyanya mzaa baba. Mume wangu huona ni hesabu ya kuchosha. Mimi nimekulia humo, najua matokeo yake: ndugu wawili wakioa, wote wawili wataita wana wao wa kwanza jina moja. Ukikuta katika kitongoji kimoja wanaume wawili wenye ukoo mmoja na wana wa kwanza wenye jina moja, uliza kama hawakunyonya ziwa moja. Na vitongoji ndio ufunguo wa kila kitu huku. Viko zaidi ya 60,000 kisiwa kizima, vingine havizidi mashamba machache, na bila jina la kitongoji huwezi kujua ni yupi kati ya watu kumi wa jina lile lile.

Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vimewekwa na Maktaba ya Taifa kwenye intaneti bure tangu 2015, kwa Kilatini chenye mwandiko wa kuku. Mwana wa kwanza wa babu yetu: jina la yule marehemu wa kwenye jiwe. Sawasawa.

Halafu nikakutana na baba mwingine, kitongoji kile kile, ukoo ule ule. Mwanawe wa kwanza naye ana jina la yule marehemu.

Jumatano nilichukua likizo hospitalini, nikapanda basi la alfajiri hadi Maktaba ya Taifa, Kildare Street. Ardhi yote ya kwetu huku ilikuwa ya Earl Fitzwilliam, shamba kubwa la Coollattin, ingawa yeye kwao hasa kulikuwa Yorkshire, Uingereza. Mawakala wake waliandika kila kitu. Kati ya 1847 na 1856 shamba hilo lilisafirisha watu wapatao 6,000, wengi kupitia bandari ya New Ross hadi Quebec, Kanada, na kuna vitabu vinavyowaorodhesha, familia baada ya familia. Ilikuwa miaka ya Njaa Kuu. Ukungu wa viazi ulioleta njaa ile ni ugonjwa ule ule anaoupigia dawa kaka yangu Kinangop kila mvua zinapozidi. Nilipomwambia kwa simu alinyamaza kwanza. Lakini ukungu haukukatia mtu tiketi ya meli. Mwenye ardhi ndiye aliyelipa ushuru wa kuwatunza maskini kwa kila kiwanja chenye thamani isiyozidi pauni 4, na wakala akijua kupiga hesabu, nauli ya Quebec ni nafuu. Viwanja vikiunganishwa, wapangaji wanapungua na kodi inalipika.

Nilizungusha mashine ya kusomea filamu za vitabu hivyo mpaka macho yakawasha. Nikampata yule baba mwingine. Mume, miaka 41, mke, watoto sita na umri wao, mdogo kabisa hana mwaka. Mwaka 1848. Daftari la kodi la kabla ya hapo lina ndugu wawili bega kwa bega, ekari 15 kila mmoja. Daftari la 1850 lina jina moja, ekari 30.

Nilikaa pale nikimkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyekuwa skwota kwenye shamba la mzungu Bonde la Ufa. Karatasi pekee yenye umri wake ni kipande, kitambulisho cha wakoloni, alichotundikiwa shingoni. Aliyemtundikia hakufikiria wajukuu, wala wakala wa Coollattin hakufikiria. Na siwezi kusema babu wa mume wangu alimfukuza kaka yake. Sijui ni nani aliyechagua, kama kulikuwa na kuchagua. Ekari 15 ndizo ninazoweza kuzionyesha kwa kidole. Ndizo zilizolisha watu mpaka ukoo ukanunua shamba zima baada ya sheria ya ardhi ya 1903, na labda ndizo zilizomlipa fundi wa jiwe.

Leo baada ya chakula nilimwonyesha Mama mkwe. Niliogopa, maana mkwe kutoka Kenya kuja kufukua mambo ya ekari ni balaa tosha. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa ukucha: mume, mke, watoto. Akarudi kwenye jina la mume.

"Mama, nisamehe kama—"

"Shamba la juu," akasema.

Ni lile lenye kisima kibovu, ambako mume wangu hukata nyasi Juni. Kama mashamba mengi ya huku lina jina la mtu, na sikuwahi kujiuliza ni nani.

"Tangu nimeolewa hapa tunaliita jina hili," akasema. "Miaka hamsini na miwili. Mimi nilidhani ni fahali."