Kabla ya kulaumu DAC: nilivyosafisha sauti ya muziki nyumbani

DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya) nyingi za sasa, hata za bei ya chini, zina kasoro ndogo kuliko sikio linavyoweza kunasa. Sauti ikiwa mbaya, mara nyingi mkosaji ni umeme au mipangilio ya kompyuta. Kwa hiyo sikugusa DAC kwanza. Nilikagua njia nzima, kutoka kompyuta mpakato, kebo ya USB, DAC, kebo za RCA (zile za kawaida za kupeleka sauti kwenye amplifaya), amplifaya, hadi spika.

Spika zilikuwa na mvumo mzito, na juu yake mluzi mwembamba uliobadilika kila kipanya kiliposogezwa. Nilichomoa chaja, kompyuta ikabaki kwenye betri, na vyote viwili vikakoma. Hapo jibu lilikuwa wazi: mzunguko wa ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Chaja ina ethi, amplifaya ina ethi, na zinakutana tena kupitia USB na ganda la kebo za RCA. Tofauti ndogo ya volti kati ya ethi hizo husukuma mkondo kwenye ganda hilo hilo linalobeba muziki. Mvumo ni wa umeme wa ukutani, 50 au 60 Hz pamoja na vizidishio vyake. Mluzi ni wa USB: data husafirishwa kwa mafungu 1,000 kwa sekunde, au 8,000 kwenye USB ya kasi, na masafa hayo sikio huyasikia vizuri sana.

Kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kulipunguza mvumo, lakini mluzi ulibaki. Kilichomaliza kazi ni kebo ya optiki, kwa sababu inapitisha mwanga tu na haina shaba ya kuunganisha ethi. Kompyuta haikuwa na tundu lake, nikatumia kigeuzi kidogo cha USB kwenda optiki. Toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha za kebo hiyo (huonekana kama sehemu ya plagi!) na usiikunje kwa kona kali. Tundu nyingi za optiki huishia kiwango cha sampuli cha 96 kHz, yaani vipimo 96,000 vya sauti kwa sekunde. Muziki wa CD ni 44.1 kHz, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Wapo wanaokata pini ya ethi ili mvumo uishe. Usithubutu: hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya, bodi yake ya chuma inaweza kubaki na umeme.

Kwenye Windows nilizima viboreshaji vyote vya sauti, kisha nikaweka programu ya muziki itumie WASAPI (njia ya Windows ya kupeleka sauti kwenye kifaa) kwa hali ya kipekee, yaani programu hiyo peke yake ndiyo inayoshika DAC, ili mfumo usibadilishe kiwango cha sampuli. Kioo cha DAC kikathibitisha: faili la 44.1 likasomeka 44.1. Sidhani ubadilishaji huo ungesikika, ila viboreshaji husikika mno. Nilishusha pia sauti ya dijitali kwa desibeli 3, maana muziki uliorekodiwa kwa nguvu sana huweza kuvuka kilele katikati ya sampuli mbili, DAC ikaukata.

Nilipolinganisha DAC na tundu la hedifoni la kompyuta, nilisawazisha ukubwa wa sauti kwanza. DAC ya mezani kwa kawaida hutoa volti 2. Tundu likitoa volti 1, tofauti ni desibeli 6, na chenye sauti kubwa ndicho kitakachoonekana bora. Amplifaya ikiwa imezimwa, funga multimita kwenye vituo vya spika, weka volti za AC, washa, kisha cheza mlio wa 200 Hz kwa sauti ya chini. Rekebisha hadi vipimo vitofautiane chini ya asilimia 1, yaani takriban desibeli 0.1. Baada ya hapo, bila kujua kipi kinacheza, sikuweza kuvitenganisha kupitia spika.

Hedifoni ni habari nyingine. Tundu lenye ukinzani wa omu 30 likiendesha hedifoni za omu 32, besi huweza kuvimba pale ukinzani wa hedifoni, ambao hubadilika kulingana na masafa, unapopanda. Tafuta tundu lenye ukinzani usiozidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa omu 32, ni omu 4 au pungufu.