Anajua hatari, ila anaikumbuka akishakuwa hewani

Jamani wazazi wenzangu, mtoto mwenye ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia na kujizuia, akijirusha tu bila kuangalia sio kwamba hajui hatari. Wangu ana miaka 9, anaogelea vizuri, na ukimkalisha barazani ukamuuliza habari za bahari atakueleza zote, bamvua lini maji yanajaa na kutoka sana, maji mafu lini yanajaa na kutoka kidogo, maji yanatoka saa ngapi. Sasa mpeleke Forodhani pale pwani ya Mji Mkongwe jioni vijana wanapiga makachu, wanajirusha baharini kutoka ukutani, wanapinduka hewani watu wanashangiria, keshavua shati huyo keshakimbia, na yale yote ya barazani yanamjia miguu ishaacha ukuta.

Ndo maana mawaidha marefu mie siyaoni faida, na fimbo ndo kabisa, fimbo ya jana haimshiki leo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipiga picha ubongo wa watoto wakaona kwa wenye ADHD tabaka la juu linapevuka kwa kuchelewa kama miaka 3, na linalochelewa zaidi ni la mbele, ndo hilo linalotusaidia kujizuia. Kwa hiyo huyu sio mkaidi wala hana shetani, majirani wanisamehe.

Sie tunafundishana pale pale ukutani. Akifika anagusa ukuta kwa mikono miwili halafu anasema, "Maji yako wapi? Nani yuko chini? Naruka kwa miguu." Kutanguliza kichwa hapana. Na aseme kwa sauti, maana akisema moyoni anayaruka maneno yenyewe. Mie nipo ubavuni, akimaliza tu kusema namwambia "ahsante baba, umeangalia", hapo hapo kabla hajaruka, kwa sababu sifa ukimpa usiku nyumbani kwake hiyo ni habari ya zamani. Asiposema anakaa kando kidogo kisha anaanza tena, bila makelele.

Na maji ayaangalie kila siku upya. Kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, sasa pale aliporuka Jumatatu saa kumi na moja maji tele, Jumatatu inayofuata saa ile ile maji yametoka! Kwa mtoto kama huyu "jana niliruka salama" ndo ushahidi wote anaoutaka, na hili ndo linaloniogopesha kuliko yote.

Watu wananambia mkataze kabisa. Mtoto wa Unguja umkataze bahari? Atakwenda kwa kujificha, peke yake, na huko hakuna wa kumkumbusha.

Kingine ambacho wengi hatukiwazi, mazoea ya ukutani hayamfuati yenyewe kwenye mti. Msimu wa karafuu anakwenda Pemba kwa bibi yake, na tawi la mkarafuu linakatika ghafla tu, watoto wanaanguka kila msimu. Nishazungumza na ami yake aanze nae upya chini ya mkarafuu, ashike tawi, alitikise, aseme kwa sauti "hili linanibeba?" ndo aweke mguu, tawi kwa tawi hata kama wenzake wameshafika juu wanamcheka. Kanambia shemegi usihofu, ataanza nae kwenye mti mfupi ulo nyuma ya nyumba, na siku ya kwanza mti mwengine hapandi.