Kabla ya Kupanda Utongwe

Tumekubaliana kwenda mwezi wa saba, mvua zikishakatika. Kanisa letu hapa Kigoma linatuma kikundi kidogo cha vijana kuwatembelea Watongwe wa upande wa Buhingu, karibu na milima ya Mahale. Gari litatufikisha linapoweza kufika, halafu tutapanda kwa miguu. Watu wananiuliza kuhusu mizigo, lakini mizigo siyo inayoninyima usingizi.

Mizigo tumeshaipanga. Chandarua, dawa ya mseto, vidonge vya kutibu maji, raba zilizokwisha kuzoea mguu. Nguo za bluu na nyeusi tumezikataza, maana misitu ile ya miombo ina mbung'o na rangi hizo huwavuta, na mbung'o anaweza kukuachia malale. Jioni, kwa mazoezi, tunajaza mchele kwenye mabegi ya mgongoni, tunavuka vilima vya Bangwe mpaka Katonga, tunarudi. Mwenye mafua hatakwenda, hata kama ndiye mhubiri. Sokwe mtu wa ukanda ule hawaishi ndani ya Hifadhi ya Mahale tu, wako pia kwenye misitu ya nje, na mafua yetu yanaweza kuwaua. Mwenzetu mmoja aliona sheria hiyo ni kali mno kwa safari ya Injili. Mimi sioni hivyo. Siwezi kwenda kumsifu Muumba huku nikikohoa juu ya viumbe vyake.

Kinachonielemea ni yale yaliyowapata watu tunaowaendea. Watongwe waliishi milimani kwa makazi madogo madogo, nyumba chache hapa, chache kule, wakilima muhogo na mahindi. Miaka ya 1970 wengi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1985 milima ya Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa, na mahame yao yakabaki ndani ya mpaka. Hifadhi naipenda, nashukuru ipo. Lakini mtu ambaye babu yake amezikwa kule juu, na ambaye Mlima Nkungwe wenye mita 2,462 kwake ni mahali patakatifu, ameshawapokea wageni wengi waliokuja na mpango uliokwisha kuandikwa. Sisi naye atatuona vipi?

Nilikwenda Ujiji kwa mzee mmoja Mtongwe, rafiki wa marehemu baba. Nikamwamkia, akanikalisha kwenye mkeka, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mkifika mtaanza na nini?"

Nikamwambia tumepanga mkutano wa hadhara jioni ya kwanza, na spika tutabeba.

"Jioni ya kwanza mtakuwa hamjala kwao, nao watakuwa hawajajua ninyi ni watoto wa nani. Nani atawasikiliza?"

Akanieleza taratibu. Kwanza hodi kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee. Mtaulizwa habari za njia, na mzijibu zote, msifupishe. Ugali wa muhogo ukiletwa, mle. Mkipita mahali mkaambiwa hapa hapakatwi mti, msikate, wala msicheke. Mkienda na chumvi ya Uvinza kama zawadi itapokelewa vizuri kuliko vipeperushi. Mzee mwenyewe ni Mwislamu na anajua ninachokwenda kuhubiri. Hakunizuia. Alitaka tu niende kama mtu.

Naamini Injili kwa moyo wote, na nitaisema. Ila sitaki kusimama mbele ya watu kana kwamba kabla yetu hawakujua kitu. Mwaka 1987, Mtongwe aitwaye Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa dawa za mitishamba, alikuwa porini Mahale pamoja na mtafiti Michael Huffman. Wakamwona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha tawi la mti ambao Watongwe wanauita mjonso. Kalunde aliujua, kwa kuwa kwao ni dawa ya tumbo. Siku iliyofuata sokwe yule alikuwa na nafuu. Dunia nzima ya sayansi ikapata somo la wanyama wanaojitibu, na ufunguo ulikuwa kichwani mwa mtu wa Utongwe.

Halafu kuna wapagazi. Wamisionari wa kwanza waliofika Ujiji mwaka 1878 na 1879 walitembea kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,200, na tunawakumbuka kwa majina. Wanyamwezi na wengine waliobeba mizigo yao kichwani na begani, wengi wao hatuwajui hata jina moja. Nimelisema hili kwenye kikao cha maandalizi na sauti ikanitetemeka.

Basi tumebadilisha. Spika inabaki Kigoma. Jioni ya kwanza ni salamu na chakula, ya pili tutaona wenyeji wanatakaje, na suala la mizimu hakuna atakayelianzisha yeye. Kila mtu anabeba begi lake. Mzee amekubali kutupa mpwa wake atuongoze njia kuanzia Buhingu, na mjumbe mmoja wa kamati akasema kijana huyo apewe "sadaka ya shukrani" tukirudi. Nimekataa. Anaacha shamba lake, anajua njia ambayo sisi hatuijui, na atatutafsiria kwa bibi na babu wasiozoea Kiswahili. Alipwe ujira wa siku kwa siku, kiasi kikubaliwe naye kabla hatujaondoka, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya safari pamoja na yetu. Mweka hazina anatafuta hela hiyo. Kama haitapatikana, nimependekeza tupunguze watu wawili, nikiwemo mimi ikibidi.