Siku moja maishani mwangu: karani wa mishahara, mwisho wa mwezi (Mei 2025)

Saa kumi na mbili asubuhi. Steji ya Pipeline, hapa Nairobi, imefurika na mvua imeanza, kwa hivyo nauli imepanda bila tangazo. Wengi tunaofanya kazi nao hutembea kutoka Mukuru hadi Industrial Area. Nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa ugali.

Saa mbili. Naanza kuchapisha slipu za mishahara. Nazijua kwa moyo.

Saa nne, wakati wa chai, foleni dirishani kwangu. Wa kwanza ni mzee wa mashine ya kukata mabati. Mshahara wake ni shilingi 30,000. Anaweka slipu mezani na kidole juu yake.

"Madam, hii 1,800?"

"NSSF, mzee. Akiba ya uzeeni."

"Si ilikuwa 200?"

Ilikuwa 200, kwa miaka mingi. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara. Kidole kinashuka: SHA ya bima ya afya 825, ushuru wa nyumba 450, PAYE, yaani kodi ya mapato, 731. Anabaki na 26,194, hapo hajagusa mkopo wa sacco. Anataka kujua hiyo nyumba ataonyeshwa lini. Namwambia mimi nakata tu. Anacheka kicheko kibaya. Hapa kiwandani serikali haina ofisi, ina dirisha langu, na hasira zote hupitia hapo.

Kijana wa kuchomelea anauliza kama wabunge nao wanakatwa. Wanakatwa, namwambia. "Lakini wao wana posho," anajibu, na foleni nzima inamuunga mkono.

Saa saba, chapati madondo kwa mama wa kibandani. Hapo siasa haikosi. Juni 2024 baadhi yetu tulikuwa mjini siku Mswada wa Fedha wenye kodi mpya ulipopita na vijana wakaingia Bunge. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini, na Julai akatangaza kuvunja mashirika 47 ya serikali na kufuta bajeti ya ofisi ya mke wa rais. Mama anayetupakulia anauliza mbona basi bei ya mafuta ya kupikia haijarudi. Hakuna anayemjibu. Kodi iliyokataliwa ni ile mpya. Makato yetu yalikuwa tayari ni sheria, ila ya SHA yalianza kukatwa Oktoba, wakati watu wameshachoka kuandamana.

Saa tisa. Wawakilishi wa wafanyakazi wameomba nyongeza. Bosi ananiita nilete hesabu. Kwa kila 450 ya ushuru wa nyumba anayokatwa mfanyakazi, kampuni nayo inatoa 450. NSSF vivyo hivyo. "Nyongeza yao ndiyo hii," anasema, akigonga karatasi. Namwona mjanja, lakini hesabu ni ya kweli, na nilimpelekea mwenyewe.

Saa kumi na moja. Naandaa malipo ya KRA, mamlaka ya kodi, yanayopaswa kufika si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi ujao. Kijana wa kuchomelea anarudi kuuliza kama naweza kumwandikisha kibarua ili asikatwe. Namwambia kibarua naye hukatwa. Anaomba basi advansi ya 2,000. Naijaza fomu.