Gia Iliyogoma Kurudi Katikati

Gari lenyewe lilikuwa fremu ya mabomba ya inchi moja, matairi manne, na nyuma ya kiti injini ya 200 cc iliyong'olewa kwenye guta la mizigo, yaani pikipiki ya magurudumu matatu. Lililetwa karakanani Isevya, Tabora, Jumamosi moja asubuhi, likiwaka vizuri na lina kasoro moja tu: gia ya pili inaingia, ya tatu haiji. Gia zake zilibadilishwa kwa mkono wa chuma (leva) uliounganishwa na injini kwa rodi ndefu. Mwenye kuliunda alikuwa keshafungua upande wa klachi mara mbili akidhani kucha za kuteulia gia, vile vyuma vidogo vinavyosukuma gia hadi nyingine, zimelika.

"Fundi, nifungue tena?"

"Usifungue, mzee. Tutoe rodi kwanza."

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo watu huiruka. Tulipiga jeki nyuma, tukatenganisha rodi na injini, tukabana vaisigripu (koleo la kujifunga) kwenye mkono mfupi wa shafti ya gia huku mtu akizungusha tairi. Tairi lazima lizunguke: injini ikiwa imezimwa, meno ya gia yanaweza kugongana uso kwa uso na gia ikakataa bila ubovu wowote. Gia zote tano ziliingia. Basi ubovu ulikuwa nje.

Gia ya pikipiki si kama ya gari. Kila mvuto ni hatua moja, kisha mkono lazima urudi katikati wenyewe. Springi iliyomo ndani ya injini ndiyo inayourudisha, ili kucha ziende kudaka pini inayofuata ya ngoma ya gia, silinda inayozunguka hatua kwa hatua kuteua gia. Springi hiyo ilipimwa kwa pedeli nyepesi ya mguu. Pale ilikuwa inasukuma mkono wa chuma wenye nati ya lori kichwani, uliolala nyuma kidogo, na boliti ya egemeo imekazwa mpaka inabana masikio yanayoushika. Dereva akivuta kuingiza ya pili, mkono unabaki nyuma. Akivuta tena, kucha hazina cha kudaka. Akiusukuma mbele kwa kiganja ili urudi, anapitiliza na kushuka ya kwanza.

Kabla ya kuchomelea chochote palikuwa na mjadala kuhusu njia nyingine. Kubakiza pedeli ya mguu hakuwezekani, mguu wa kushoto una klachi. Kebo ya breki ya baiskeli inavuta lakini haisukumi, kwa hiyo zingehitajika mbili, kila moja na upande wake. Kebo nene ya gia iliyotolewa kwenye gari la otomatiki inavuta na kusukuma, na hufaa injini ikiwa mbali au rodi ikikosa njia iliyonyooka. Ila ikikunjwa kwa kona kali inakuwa nzito, na ugonjwa unarudi uleule wa kutorudi katikati. Kusukuma gia kwa umeme kulitupwa mapema, betri ilikuwa ya pikipiki. Rodi ikashinda.

Egemeo lilitatuliwa kwa bushi ya chuma iliyo ndefu kuliko kitovu cha mkono kwa nusu milimita. Boliti ikikazwa inabana bushi, mkono unabaki huru. Nati ya lori ikatoka, kikaingia kichwa cha mti wa mninga, na mkono ukasimamishwa wima. Urefu wake ulikuwa sentimita 36, egemeo likiwa sentimita 6 kutoka chini. Mkono wa injini nao sentimita 6. Rodi ikisogea milimita 12, kiganja kinasogea sentimita 6, kiasi kizuri.

Rodi ya zamani ilikuwa nondo ya milimita 8, urefu sentimita 90. Ukivuta inatii, ukisukuma inapinda kama upinde, ndiyo maana hata kushuka gia kulikuwa kwa bahati. Tuliweka bomba la nusu inchi, nati zikachomelewa kila mwisho, na boli jointi ndogo mbili, viungio vinavyogeuka kila upande. Tulikosa yenye uzi wa kushoto, ambayo ingeruhusu kurekebisha urefu kwa kuzungusha bomba tu, kwa hiyo kurekebisha urefu kulitaka kuchomoa upande mmoja kila mara. Usumbufu, lakini unafanya kazi.

Baada ya mabadiliko hayo mwelekeo ulikuwa kinyume: sasa kuvuta kulishusha gia. Hakuna haja ya kuongeza mkono wa kugeuza. Chomoa mkono wa injini kwenye meno ya shafti, uugeuze uelekee chini badala ya juu, basi. Mwisho tuliweka boliti mbili za kizuio, kila moja ikiacha milimita 2 baada ya gia kudaka. Mtu mwenye nguvu na mkono mrefu anaweza kupinda shafti ya gia bila kujua.

Rivasi ilikuwa na kisanduku chake cha guta na mkono wake wa pembeni. Hakikuguswa. Kinageuza gia zote tano, kwa hiyo ukisahau unaweza kurudi nyuma kwa gia ya nne, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

Majaribio yalikuwa barabara ya Kwihara. Gia zilipanda na kushuka, ila nyutro, iliyo nusu hatua kati ya kwanza na ya pili, ilikuwa inapitwa kila tuliposimama. Jioni ikaongezwa taa: chanya kwenye balbu, kutoka kwenye balbu hadi waya wa swichi ya nyutro, ambayo hugusa bodi ya injini gia ikiwa pale. Balbu ya dashibodi, ya kijani.